Karatasi ya Arobaini na Moja

Ukitaka kuwajua walimu wa uandishi wa chuo kikuu, wakusanye watatu kwenye chumba kimoja uwaombe wakubaliane jinsi ya kuandika barua ya kuomba likizo. Jioni utatoka na barua tatu, na watu wamenuniana kwa wiki nzima. Chuo hiki kilikuwa na programu tatu za uandishi: ya wahandisi, ya watu wa sayansi na ya watu wa sanaa. Zamani zilikuwa moja. Zikagombana, zikagawana hadi viti na mapazia, na kwa miaka kumi na tisa kila moja ilijifungia kwenye jengo lake ikiwasengenya wenzake. Wahandisi walisema watu wa sanaa hawawezi kuandika kwamba mlango umefungwa bila kwanza kutokwa na machozi. Watu wa sanaa walisema wahandisi wanaandika kama watu wanaobana pumzi. Watu wa sayansi walicheka tu pembeni, na hilo liliwaudhi wote.

Aliyezirudisha pamoja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye haraka, ambaye kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo wote walimwita Mratibu, kana kwamba hakuwahi kupewa jina jingine. Ilimchukua miaka miwili ya vikao. Alibembeleza, alitisha, alijifanya hasikii matusi. Mwishowe wakakubaliana juu ya mambo mawili tu. La kwanza, kwamba wote wangefundisha kwa kutumia Mwongozo wa Profesa, mzee aliyewafundisha wakuu wa programu zote tatu na sasa alikuwa amestaafu. La pili, kwamba kazi yao ya kwanza pamoja ingekuwa kwenda kuwasaidia walimu wa shule za msingi.

Kuhusu huo Mwongozo, niseme ukweli: sura nyingi zake zinalaza mtu. Lakini sura ya tano ilikuwa kitu kingine. Ilieleza namna ya kumfundisha mtoto mdogo kuandika, hatua kwa hatua, kwa sentensi fupi zilizonyooka, na waliosoma ualimu waliikariri kama wimbo. Ilikuwa na kasoro moja ndogo. Baada ya hatua ya nne, ambapo mtoto anamsomea mwenzake kwa sauti alichoandika, kitabu kiliruka ghafla na kusema: "Kwa hiyo atajua mwenyewe pa kuongeza." Atajuaje? Hakuna aliyeelewa. Kila mwaka wanafunzi walimwuliza Mratibu, na kila mwaka aliwajibu kwamba Profesa ameacha nafasi makusudi ili mwalimu afikiri. Kuna kijana wa sanaa aliyepata shahada ya uzamili kwa kuandika kurasa mia na ishirini juu ya ukimya wa sura ya tano.

Walimu sitini na wawili walituma maombi ya mafunzo, na nafasi zilikuwa ishirini. Kila mmoja aliombwa aandike kwa mkono wake juu ya somo moja la uandishi alilolifundisha darasani. Jina lilikaa kwenye karatasi ya mbele, karatasi hiyo ikachomolewa na kufungiwa, na maandishi yakapewa namba. Mratibu hakuwa na mchezo na jambo hilo. Msomaji akishamjua mwandishi, alisema, hasomi tena, anasalimiana. Sharti jingine aliliandika mwenyewe kwa herufi nzito: atakayenakili kazi ya mtu ataondolewa, na barua itakwenda kwa mwalimu mkuu wake na nakala ofisi ya elimu.

Walikaa kusoma Jumatatu, watatu, kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayolia vile kinyonga angelia kama angekuwa na sauti. Mratibu alikaa upande wa sanaa. Upande wa sayansi alikuwepo Bi Maabara, mama mkimya aliyenawa mikono kabla ya kugusa karatasi. Upande wa uhandisi alikuwepo Mhandisi, mtu mnene, mpenda utani, aliyekuja na rula mfukoni hata kwenye harusi. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, ili asiwepo wa kuparaza kwa macho. Kufikia mchana walikuwa wamechoka. Walikuwa wamesikia habari za wali wa shughuli, safari za kwenda kwa bibi na umuhimu wa miti mpaka vichwa vinauma.

Mhandisi akachukua karatasi ya arobaini na moja. Alisoma sentensi mbili, sauti yake ikabadilika. "Mtoto asipewe kalamu kwanza. Amsimulie mwenzake. Mwenzake amwulize maswali mawili, si zaidi, na mtoto aandike majibu ya maswali hayo tu."

Mratibu aliweka kikombe chini. Bi Maabara alifumba macho, akaendelea yeye bila kuona karatasi: "Mtoto haandiki kwa sababu ameambiwa aandike. Anaandika kwa sababu kuna mtu ameuliza." Mhandisi alifuatisha kwa kidole. Ilikuwa hivyo hivyo, neno kwa neno.

Walitazamana. Si kwamba hawakuwahi kuona mtu akinakili. Maisha yao yote walikuwa wakiwakamata wanaonakili. Lakini mwalimu kunakili Mwongozo na kuwaletea wenye Mwongozo, tena sura ya tano ambayo hata mfagizi wa jengo lao angeweza kuitaja? Mhandisi alisema huo si wizi, ni kumwibia mtu ng'ombe kisha kumpelekea amnunue. Hakuna aliyecheka. Ile ilikuwa sura ambayo Mratibu mwenyewe aliipeleka kwa mchapishaji alipokuwa binti, msaidizi wa Profesa. Aliiona kama mtoto aliyemlea. Aliinyakua karatasi mkononi mwa Mhandisi kabla hajaigeuza upande wa nyuma, akaiandikia sifuri.

Bi Maabara alisema kwa upole kwamba labda wamwite mwenyewe kwanza, wamsikie. Mratibu alikataa. Wakianza kusikiliza visingizio, alisema, watasikiliza sitini na viwili. Akafungua bahasha ya majina. Mwandishi alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke, amebakiza miezi minane kustaafu. Shule yake ilikuwa ile ambayo mwalimu mkuu wake ni dada mkubwa wa Mratibu, tumbo moja.

Hapo alisita kidogo, nami simlaumu. Lakini kusita kwenyewe kulimponza, kwa sababu aliogopa wenzake wasije wakasema anampendelea dada yake. Barua aliiandika saa ile ile, akaitia sahihi na mhuri, na dereva wa chuo akaipeleka kabla shule hazijafungwa. Maneno yake yalikuwa machache na makali. Alilala vizuri usiku huo.

Dada alipiga simu kesho yake saa nne asubuhi. Kwa kawaida dada huanza na salamu ndefu, awaulizie watoto mmoja mmoja, na shemeji, na kikohozi cha shemeji. Siku hiyo hakusalimia. Alieleza kwamba ofisi ya elimu imeshapiga simu, imeagiza mwalimu yule asiingie darasani mpaka shauri lisikilizwe. Shuleni wanamwita Soma Tena, alisema, kwa sababu mtoto akikosea hamkaripii, humwambia tu asome tena. Ana miaka thelathini na tatu kazini. Huyu mama hajawahi kuondoka hata na kipande cha chaki.

"Nimemwita ofisini nikampa barua yako," alisema dada. "Akaisoma, akaikunja, akaniomba amalizie somo. Nikamwambia haruhusiwi. Mdogo wangu, nimemwambia mtu aliyenizidi umri kwamba haruhusiwi kuingia darasani kwake. Watoto wanachungulia dirishani."

Mratibu aliuliza kama amekana.

"Anasema ni yake."

"Dada, wote husema ni yao."

Mratibu akamwuliza kama shule ina Mwongozo. Upo, alisema dada, mmoja, kabatini ofisini kwake, ameufungia usichakae. Basi kuna mtu aliyeufungua, alisema Mratibu. Dada akajibu kwamba ufunguo anao yeye peke yake shingoni, na kwamba, kwa kuwa wanasemezana ukweli, hata yeye mwenyewe hajawahi kuufungua. Kitabu bado kina ile nailoni yake.

Mratibu alikata simu akiwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kitu kidogo kinachokwaruza. Alijiambia kwamba vitabu vimejaa tele, mtu anaweza kuazima popote.

Jumatano asubuhi Mhandisi aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi, na bila utani wowote. Hilo peke yake lilitosha kumshtua. Alikuwa ameagizwa aandae ushahidi wa shauri, yaani aweke kitabu upande huu na karatasi upande huu aonyeshe vinavyofanana. Mhandisi haamini kitu ambacho hakijapimwa, kwa hiyo alikuwa amekaa na rula yake mstari kwa mstari, mbele na nyuma.

"Mwizi wako," alisema, "ameiba zaidi ya kilichokuwepo."

Mratibu hakumwelewa. Mhandisi aligeuza karatasi ya arobaini na moja, akaweka rula juu, penye mistari mitatu ya kwanza ya upande wa nyuma. Akasoma polepole.

"Mwenzake amrudishie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Mwandishi asikilize bila kujitetea. Pale mwenzake aliposahau, au aliposikia sivyo, hapo ndipo pana pengo." Akatoa kidole kwenye karatasi, akakiweka kwenye kitabu. "Halafu ndiyo inakuja: kwa hiyo atajua mwenyewe pa kuongeza."

Mratibu aliisoma ile mistari mara tatu. Hatua ya tano ilikuwa pale, rahisi kiasi kwamba mtu angeweza kulia. Hatua ambayo kijana wa sanaa aliandikia kurasa mia na ishirini, hatua ambayo yeye mwenyewe alisimama mbele ya wanafunzi kwa miaka yote hiyo akisema imeachwa kwa hekima. Mtu anayenakili anaweza kuacha maneno. Anaweza kuharibu maneno. Hawezi kunakili kisichokuwepo.

"Juzi tulisoma upande mmoja tukaacha," alisema Mhandisi. "Watu watatu, kazi yetu kusoma."

Mratibu alishuka stoo kutafuta rasimu ya Mwongozo. Iko chini ya ngazi, mlango wake unafunguliwa kwa kuusukuma na goti, na ndani yamerundikwa makasha ya kabla ya kugawanyika, ambayo kila programu ilikataa kuyachukua. Alivuta moja baada ya jingine mpaka mikono ikawa myeusi. Lililomsimamisha lilikuwa la mwisho, ukutani, limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: Walimu wa shule. Na aliyeandika alikuwa yeye. Aliutambua mwandiko wake wa ujana, wenye madoido.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mwaka ule, kabla ya ugomvi, Profesa alikuwa amewaomba walimu wa shule waandike kuhusu masomo yao, na yeye, binti wa miaka ishirini na minne, alipewa kazi ya kuyaficha majina. Siku hizo hakukuwa na karatasi ya mbele. Alikaa na mkasi akikata sehemu ya juu ya kila karatasi, palipoandikwa jina, akivitupa vipande kapuni, akijiona mtu mwenye haki sana. Hakuwahi kufikiria kwamba karatasi ina upande wa pili.

Aliipata katikati ya rundo. Mwandiko ulikuwa ule ule wa arobaini na moja, wa mwalimu wa watoto wadogo, herufi zimesimama wima kama zimeitwa gwaride. Aliigeuza. Mkasi ulikuwa umepita mle mle, umeondoka na mistari mitatu ya kwanza. Chini ya kasha kulikuwa na daftari la mapokezi. Namba, tarehe, jina, shule. Jina la Soma Tena lilikuwa pale, mwaka mmoja kabla Mwongozo haujachapishwa. Safu ya mwisho ya daftari ilikuwa na kichwa "Amejibiwa", na safu yote, kutoka mwalimu wa kwanza hadi wa sitini, ilikuwa nyeupe.

Mratibu aliketi chini, sakafuni, na sketi yake ya kazini. Programu ziligawanyika mwezi uliofuata. Nani angekumbuka kuwajibu walimu wa shule wakati wakubwa wanagombania viti? Karani wa chapa alikuwa ameshapiga chapa baadhi ya zile karatasi zilizokatwa, akazitia kwenye kabati la Profesa. Na Profesa alikuwa safarini, na mchapishaji alikuwa anadai kitabu, na sura ya tano haikuwepo. Profesa alimwambia kwa simu iliyokuwa ikikatika kwamba rasimu imo kabatini, aitafute. Aliitafuta. Alipata kurasa mbili zilizopigwa chapa, safi, hazina jina. Aliona ni nzuri mno, akajua ni za Profesa.

Alimkuta Profesa nyumbani kwake, sebuleni, kwenye kiti cha kuegemea, redio inaongea peke yake. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeshamwacha, hivyo Mratibu alikaa kulia, akamweleza yote. Njiani alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mzee, au kwa machozi yake. Alikuwa amejiandaa hata kusikia kwamba mzee alijua siku zote. Hakuwa amejiandaa kwa alichokisikia.

"Sura ya tano?" alisema Profesa. "Si uliandika wewe?"

Mzee alizima redio. Alieleza kwamba rasimu yake haikufika hata nusu ukurasa. Alirudi safari akiwa na aibu ya kumwambia mchapishaji, akakuta kitabu kimeshapigwa chapa na sura imo, tena sura bora kuliko zote alizowahi kuandika yeye. Akajua binti amemwokoa na hataki kujionyesha. Alitaka kumshukuru, alisema, lakini alipoona binti mwenyewe amenyamaza, naye akanyamaza, wasije wakaaibishana.

"Kwa nini unadhani nilipiga meza siku ile ya kamati, wakuajiri?" alisema. "Walikuwepo wenye alama kubwa kuliko zako. Niliwaambia, huyu ninayajua maandishi yake."

Kuna mshtuko unaomfanya mtu apige kelele, na kuna ule unaomfanya atazame tu zulia. Mratibu alitazama zulia. Kazi yake, ofisi yake, cheo ambacho kilikuwa kimemmeza hata jina, wanafunzi waliomwinamia wakimsalimia, vyote vilikuwa vimejengwa juu ya kurasa mbili za mwanamke ambaye jana alikuwa amemfukuzisha darasani. Profesa alimshika mkono. Alisema mambo ya zamani yana namna ya kujilalia, na kwamba yeye ni mzee, na kwamba programu ndiyo kwanza zimeungana. Likitoka hili nje, wahandisi wataondoka, na sayansi nayo. Alisema wamfutie mama yule kosa, wampe nafasi yake, basi, iishie hapo. Mratibu alimwambia kwa heshima kwamba haiwezekani. Mhandisi ameshapima.

Usiku ule hakuandika kitu. Aliandika asubuhi, ofisini, kwa mkono wake. Alisema nani aliandika sura ya tano, nani aliikata, nani aliichukua, na kwamba aliyeikata, aliyeichukua na aliyemshtaki mwandishi wake kwa wizi ni mtu mmoja. Aliwapa nakala Mhandisi na Bi Maabara, ofisi ya elimu na mkuu wa chuo. Bi Maabara alisoma, akavua miwani, akasema tu kwamba programu ya sayansi haiendi popote. Mhandisi alisema yeye angependa kwanza kwenda kumwomba radhi mtu. Mratibu alijibu kwamba anayepaswa kutangulia ni yeye, aliyeandika barua.

Alimpitia dada yake shuleni, akampa nakala ya maelezo yake. Walikwenda kwa miguu, nyumba ya Soma Tena ilikuwa nyuma ya uwanja wa michezo. Dada alikuwa ameyasoma maelezo hayo ofisini, amesimama. Kisha alikuwa ameenda kabatini, akachana nailoni ya Mwongozo, akaisoma sura ya tano. Sasa alitembea ameushikilia ufunguo shingoni kama unamkaba.

Soma Tena aliwafungulia. Alikuwa mama mnene wa wastani, mwenye sauti ndogo, na meza yake ya chakula ilikuwa imejaa madaftari ya darasa la tatu. Alisema samahani kwa fujo. Anamaliza kusahihisha, asije mwalimu atakayechukua darasa akakuta viporo. Alimwita dada "Mwalimu Mkuu" na akamkaribisha kwenye kiti kizuri. Mratibu alimpa shikamoo, akaitikiwa, na hata hapo hakujua aanzie wapi. Akajitambulisha kwamba yeye ndiye aliyeandika barua ya Jumatatu. Mama yule aliitikia kwa kichwa. Hakukunja uso.

Mratibu alisimulia. Hakujitetea na hakuruka kitu, hata mkasi, hata mkono wa Profesa, hata ajira yake. Alitoa ile karatasi ya zamani iliyokatwa, akaiweka juu ya madaftari. Soma Tena aliigusa pembeni, pale palipopita mkasi.

"Kwa hiyo ilifika," alisema.

"Ilifika, mama."

"Nilidhani labda haikufika. Halafu nikasema, hapana, imefika, ila haifai."

Mratibu alimwambia kwamba barua ya Jumatatu imefutwa, kwamba ofisi ya elimu imekwisha kuambiwa na kesho anaweza kuingia darasani, kwamba toleo jipya litakuwa na jina lake, na kwamba hawamtaki tena kama mwanafunzi wa mafunzo. Wanamwomba awafundishe wao. Alisema sura ile inasomwa na kila mwalimu anayehitimu, mwaka hadi mwaka. Alidhani hayo yatamfariji. Soma Tena alisikiliza mpaka mwisho, lakini ilionekana kuna jambo jingine analolifuata kichwani, na hakuweza kuliacha.

Aliwaeleza kwamba mwaka ule alikuwa na somo lile kwa muhula wa pili tu. Watoto walikuwa wakiongea, wakiulizana, darasa lina vurugu, lakini wanaandika. Mkaguzi akaja, akasema hilo si darasa, ni soko. Awape watoto maneno ubaoni wanakili, basi. Yeye hakujua nani yuko sahihi. Ndipo likaja tangazo la chuo kikuu, kwamba walimu waandike. Akaandika, akasema hawa ni wasomi, watanihukumu. Akasubiri muhula mzima, na wa pili.

"Kimya," alisema. "Nikajua mkaguzi alikuwa amesema kweli. Nikaacha. Tangu hapo nawaandikia ubaoni wananakili. Mwaka huu, kwa kuwa naondoka, nikasema niinakili ile ile kutoka daftari langu, niitume tena, angalau niambiwe nilikosea wapi."

Dada aliweka mkono mdomoni. Mratibu aliisogeza ile karatasi iliyokatwa mbele ya mama yule.

"Hukukosea, mama. Hapakuwa na kosa."

Soma Tena alitazama madaftari juu ya meza, marundo mawili yaliyosimama sawasawa, yote yana habari ile ile iliyonakiliwa ubaoni. Midomo yake ilikuwa inakwenda kidogo, kama mtu anayehesabu. Darasa la watoto arobaini na kitu, hamsini, mwaka baada ya mwaka, kumi na tisa.

"Basi ningewafundisha," alisema. "Wote wale, ningewafundisha."